Benchi la barazani lisilotikisika: mwongozo kwa fundi anayeanza

Haipiti wiki hapa Ngamiani, Tanga, bila kijana kusimama mlangoni mwa karakana na swali lilelile: fundi, nipake nini benchi langu lisioze? Mwingine anauliza gundi ipi inashika. Wa tatu kaja na kiti kabisa, mguu mkononi. Nimechoka kueleza nikiwa nimeshika randa, kwa hiyo naandika mara moja. Nimechagua benchi la kukaa barazani kwa sababu lina kila kitu ambacho meza au kitanda kitakudai baadaye, na ukikosea hujapoteza mbao nyingi.

Hili ni benchi la watu watatu: urefu sentimita 120, upana 30 na ushei, kimo karibu 45. Halina msumari wa chuma wala gundi. Miguu inafungwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao iliyochongwa ikaingia kwenye shimo la mguu, kisha kila kiungo kinakazwa kwa msumari wa mti. Likichoka baada ya miaka, mjukuu wako atalifungua, abadilishe mguu mmoja na kulifunga tena. Lililopigwa misumari na kujazwa gundi litaishia kuwa kuni za biriani.

Kabla hujaanza

Vifaa si vingi: msumeno wa mkono wenye meno madogo, randa moja, patasi ya nusu inchi na nyingine ya inchi moja, nyundo ya mti, futi, guniwa ya kupimia pembe mraba, mahati ya kuchorea mistari sambamba na ubavu (vijana wanaiita geji), drili na biti ya milimita 8, penseli, kisu, kinoo na msasa. Kama huna klempu, tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli uikate vipande virefu. Tyubu ikivutwa na kuzungushwa inabana vizuri sana, na mafundi baiskeli wanakupa bure.

Patasi lazima ikate. Ijaribu kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapoishia. Ikitoa unyoya laini, endelea. Ikiacha unga na michubuko, rudi kwenye kinoo. Wengi wanaolalamika kwamba mtiki ni mgumu wana patasi butu tu.

Orodha ya mbao, vipimo vikiwa baada ya kupiga randa:

- Miguu 4: milimita 65 kwa 65, urefu sentimita 43. Sentimita 2 za juu zitakatwa mwishoni.
- Mikanda mirefu 2: unene milimita 35, kimo 70, urefu sentimita 94.6. Mikanda ni zile mbao zinazofunga mguu na mguu.
- Mikanda mifupi 2: unene na kimo vilevile, urefu sentimita 20.6.
- Mkanda wa katikati 1: vilevile, urefu sentimita 20.
- Mbao za kukalia 2: urefu sentimita 120, upana 15, unene milimita 35.
- Vipande vya misumari ya mti na vikono (vishikizi vya mbao za kukalia): tumia masalia.

Mbao gani, na itoke wapi

Sisi watu wa Tanga tuna bahati. Shamba la mitiki la Longuza liko hapo Muheza, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mbao zake zinafika mjini bila safari ndefu. Mtiki wa shamba umepandwa ili uvunwe, ukikatwa unapandwa mwingine. Mninga na mkongo ni mbao nzuri, sibishi, lakini zinatoka msitu wa asili na mti wake unachukua umri wa mtu kukomaa. Mwaka 2022 jamii za mninga na mkongo za Afrika ziliingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Kwa benchi la kujifunzia, usimguse mninga.

Mbao ya mfenesi nayo inafaa, ile ya manjano inayogeuka kahawia kadiri inavyokaa. Mfenesi wa uani uliozeeka, unaokatwa kwa sababu unaelemea paa la jirani, ni mali. Nyingine ni mbao za nyumba zinazobomolewa: fremu za milango, maboriti, vitanda vya mabibi. Hizo zimeshakauka miaka mingi. Zipitishe sumaku kwanza, maana msumari mmoja uliojificha unatosha kumaliza randa yako.

Ukinunua kwa muuzaji, dai risiti, na kama mbao inatoka nje ya mji uliza hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Anayekuambia "hiyo hati ya nini, chukua usiku" anakuuzia matatizo pamoja na mbao.

Halafu angalia weupe. Mtiki una kiini cha rangi ya asali hadi kahawia na pembeni una sehemu nyeupe. Kiini mchwa na bungua hawakipendi. Ile nyeupe ni chakula chao. Mitiki michanga ina weupe mwingi, ndiyo maana inauzwa rahisi, na mnunuzi anarudi nyumbani akidhani kapata mtiki. Kata weupe wote, hata kama roho inauma. Ukiona vishimo vidogo kama vya sindano na unga laini chini ya ubao, hao ni bungua, usiingize ubao huo karakana.

Ukavu

Hapa nitakaa kidogo.

Nilipokuwa na miaka miwili tu ya ufundi nilitengeneza meza ya chakula kwa bwana mmoja aliyekuwa anaoza binti. Mbao zilikuwa zimetoka kupasuliwa wiki tatu kabla. Nilizibana kwa gundi, nikazikaza chini kwa skrubu kila upande, nikapaka vanishi tatu, meza ikang'aa kama kioo. Harusi ilipita salama. Upepo wa kaskazi ulipoingia, meza ikapasuka katikati, ufa unaopitisha sarafu ya shilingi mia. Yule bwana hakunigombeza. Alikuwa akinikaribisha chakula, ananikalisha mbele ya ule ufa.

Sababu ni hii. Ubao wa mtiki ukitoka ubichi kabisa hadi ukavu kabisa, upana wake unaweza kupungua kiasi cha asilimia 5 hadi 6, lakini urefu wake hata asilimia moja haufiki. Na hata ukishakauka, unaendelea kuvimba masika na kusinyaa kaskazi, mwaka hadi mwaka. Ukiufunga usisogee, utapasuka. Hiyo ndiyo nadharia yote utakayoihitaji leo.

Panga mbao kivulini, nusu mita kutoka ardhini, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene wa inchi moja, kila baada ya sentimita 50. Vijiti vipangane wima, kimoja juu ya kingine, la sivyo mbao zitajikunja kama mkeka. Paka rangi yoyote iliyobaki kwenye vichwa vya mbao ili maji yasitoke huko haraka na kuzipasua. Juu weka mawe. Kwa ubao wa inchi moja na nusu, tarajia miezi sita au zaidi kwa hewa yetu.

Utajuaje zimekauka? Usigongegonge ukisikiliza sauti. Kata kipande cha shibiri moja kutoka katikati ya ubao, kipime kwenye mizani ya jikoni, andika uzito juu yake kwa penseli, kirudishe kwenye rundo. Pima kila Jumamosi. Uzito usipopungua kwa wiki tatu mfululizo, mbao imefika pale ambapo hewa ya Tanga itaifikisha. Haitakauka kama ya Dodoma, na haihitaji, ikiwa benchi litakaa Tanga. Mteja wako akihamia bara, mwambie mapema kwamba litasinyaa kidogo.

Kazi yenyewe

1. Nyoosha na upige randa. Anza na uso mmoja, kisha ubavu ulio mraba nao, pima kwa guniwa. Weka alama ya penseli kwenye nyuso hizo mbili. Kuanzia hapa vipimo vyote vitatoka kwenye nyuso zenye alama, kamwe si upande wa pili. Anayepima huku na huku ndiye anayepata benchi lenye mguu mmoja unaoelea.

2. Panga miguu. Isimamishe yote minne kama itakavyokaa, uchague nyuso nzuri ziangalie nje, na uandike juu yake: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Usiseme utakumbuka.

3. Chora matundu. Kila mguu una matundu mawili, moja la mkanda mrefu na moja la mfupi, kwenye nyuso mbili zinazopakana. Tundu lina upana wa karibu milimita 13, yaani upana wa patasi yako ya nusu inchi, urefu wa 50, na kina cha 40. Lianze milimita 15 chini ya mstari ambapo mguu utakatwa juu. Zile sentimita 2 za ziada huko juu ziache: zinazuia kichwa cha mguu kupasuka unapogonga patasi. Chora kwa mahati, katikati ya uso, na mistari ya juu na chini ikate kwa kisu. Mstari wa penseli una unene, wa kisu hauna.

4. Chimba matundu. Toboa kwanza kwa drili mashimo yanayopangana, funga utepe kwenye biti ili usipite kina, kisha safisha kuta kwa patasi. Simama nyuma ya mguu, si pembeni, ndipo utaona kama patasi iko wima. Acha nusu milimita karibu na mistari, uimalizie mwisho. Matundu mawili yatakutana ndani ya mguu. Ni sawa, usishtuke ukiona mwanga.

5. Kata ndimi. Ulimi una unene wa milimita 13, urefu wa 38, upana wa 50: toa milimita 15 juu na 5 chini. Anza na mabega (kingo zitakazoegemea mguu), kwa kisu na guniwa, kuzunguka pande zote nne za mkanda hadi mistari ikutane. Kata shavu la ulimi, yaani uso wake mpana, nje ya mstari kidogo, kisha punguza kwa patasi mpaka uingie kwa kusukumwa na mkono na kupigwa mara mbili tatu kwa nyundo ya mti. Ukihitaji kupiga kwa nguvu, umebana sana, utapasua mguu. Ukiingia kwa uzito wake, umelegea. Kwa kuwa ndimi mbili zinakutana ndani, kata ncha zake kwa mshazari wa nyuzi 45 ili zipishane.

6. Mkanda wa katikati. Huu unaingia kwenye mikanda mirefu, katikati kabisa. Ndimi zake ni fupi, milimita 20 tu, na hauna msumari wa mti. Kazi yake ni kubeba mbao za kukalia zisibonyee.

7. Funga pakavu. Unganisha benchi zima bila kukaza, liweke sakafuni, pima mshazari wa pembe hadi pembe, kote kuwili. Vipimo vikilingana, liko mraba. Visipolingana, tafuta bega lililo refu sasa hivi.

8. Toboa kwa ajili ya misumari ya mti. Hapa ndipo benchi linapopata nguvu zake, soma mara mbili. Fungua kiungo. Toboa mguu kwa biti ya milimita 8, kutoka uso wa nje, tundu lipite katikati ya motisi (lile tundu la ulimi), umbali wa milimita 15 kutoka uso ambao bega litagusa. Ziba motisi kwa kipande cha mti kwanza ili ukuta wa ndani usichanike. Kwenye mguu mmoja, tundu la msumari wa mkanda mrefu liwe juu kidogo na la mkanda mfupi chini, yasigongane. Sasa rudisha ulimi ndani, ingiza biti kwa mkono na ubonyeze ncha yake iache alama kwenye ulimi. Toa ulimi. Usitoboe pale kwenye alama. Toboa milimita moja kutoka hapo kuelekea begani. Tundu la mguu na la ulimi hayatalingana, na ndivyo tunavyotaka: msumari ukipita utalazimika kupinda, na kwa kupinda utauvuta ulimi ndani na kulibana bega dhidi ya mguu. Kwa ubao mlaini, milimita moja na nusu. Zaidi ya hapo utavunja.

9. Chonga misumari ya mti. Pasua, usikate kwa msumeno. Ukipasua kwa patasi, kijiti kinafuata nyuzi zake mwanzo hadi mwisho na kinaweza kupinda bila kukatika. Kijiti cha msumeno nyuzi zake zimekatwa njiani, kitakatika ndani ya mguu na hutakiona tena. Chonga viwe duara la milimita 8, urefu wa sentimita 7, ncha ndefu kama penseli. Vianike juani siku nzima kabla ya kuvitumia.

10. Kaza. Anza na pande fupi mbili: ulimi ndani, bana kwa tyubu, sukuma msumari wa mti kwa nyundo. Sauti itabadilika, kutoka gogogo la uvivu hadi mlio mkali mfupi, na utaliona bega likijivuta hadi mstari unapotea. Nimefunga mamia, na bado hapo huwa naita mtu aje aone. Kisha mikanda mirefu pamoja na wa katikati. Kata vichwa vya misumari, na zile sentimita 2 za juu ya miguu.

11. Mbao za kukalia. Ziache na mwanya wa milimita 6 katikati, maji yapite na mbao zipate pa kuvimbia. Zisikazwe moja kwa moja kwenye mikanda. Tengeneza vikono nane: vipande vya mti vya sentimita 5 vyenye kidole kinachoingia kwenye kijishimo ulichokichimba ndani ya mkanda, milimita 12 kutoka juu. Kidole kikae milimita 11 chini ya uso wa juu wa kikono, ili kikono kikikazwa kivute ubao chini. Kikono kinafungwa kwenye ubao kwa skrubu moja ya shaba. Ubao ukivimba, kidole kinateleza na hakuna kinachopasuka. Skrubu za chuma cha kawaida, kwa chumvi ya bahari yetu, zitaota kutu na kuacha doa jeusi.

12. Msasa na mafuta. Pita na msasa namba 120, halafu 180, kufuata nyuzi, basi. Vaa barakoa, vumbi la mtiki linawasha pua na ngozi. Paka mafuta ya kitani (linseed) kwa kitambaa, ngoja robo saa, futa yote yaliyobaki juu. Rudia kesho na keshokutwa. Vichwa vya chini vya miguu visimamishe kwenye kisahani cha mafuta usiku kucha, huko ndiko maji ya kudekia yanakoingia.

Onyo ambalo si la mzaha: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto chenyewe hadi kuwaka. Kitandaze kikauke nje, au kitie kwenye ndoo ya maji. Karakana imejaa maranda, haihitaji zaidi ya hapo.

Na vanishi? Kwa samani za ndani, sina ugomvi nayo. Kwa benchi linalopigwa na jua la saa nane, vanishi itababuka ndani ya miaka michache na utalazimika kuikwangua yote. Mafuta unaongeza tu.

Mambo yakienda mrama

*Benchi linatikisika, miguu yote ni sawa.* Sakafu yako ndiyo mbovu. Mabaraza mengi ya saruji yana mteremko wa maji. Lihamishe kabla hujashika msumeno. Likitikisika kila mahali, liweke juu ya meza iliyonyooka, pitisha penseli iliyolazwa kuzunguka miguu yote, kata kwenye mstari. Usikate mguu mmoja mmoja kwa kukisia, utaishia na kigoda.

*Tundu limekuwa kubwa kuliko ulimi.* Bandika kipande chembamba cha mtiki kwenye shavu la ulimi kwa gundi, kikauke, uanze kupunguza upya. Hapa gundi naikubali. Mtiki una mafuta yake ya asili, kwa hiyo futa uso kwa thina dakika chache kabla ya kupaka, vinginevyo haitashika. Kujaza unga wa mbao na gundi kwenye pengo ni kujidanganya.

*Msumari wa mti umekatika ndani.* Toboa katikati yake kwa biti ya milimita 6, chokoa mabaki, chonga mwingine. Ukikatika wa pili, umesogeza tundu la ulimi kupita kiasi: lipanue kidogo kwa tupa ya duara upande wa mbali na bega.

*Ubao wa kukalia umepinda kama kikombe.* Haukukauka, au umepaka mafuta juu tu na chini ukaacha. Ufungue kwenye vikono, uweke uvunguni mwa kitanda wiki mbili ukiwa na uzito juu, paka pande zote mbili, rudisha.

*Bega limeachia baada ya miezi.* Mkanda ulikuwa mbichi kuliko ulivyodhani. Toa msumari kwa kuugonga kutoka ndani au kuutoboa, funga pakavu, weka alama upya, toboa tena milimita moja kuelekea begani.

*Mchwa.* Kiini cha mtiki hawakitaki, lakini watapita juu yake kufuata kuta. Ukiona mstari wa udongo mguuni, usihangaike na benchi, fuata mstari huo hadi ukutani.

*Limegeuka kijivu.* Ni jua. Mbao haijaharibika. Wapo wanaolipenda hivyo, na mzee mmoja wa barabara ya nane amenikataza kabisa kuligusa la kwake. Wewe ukitaka rangi irudi, msasa mwepesi na mafuta, mara moja kwa mwaka baada ya masika, asubuhi moja inatosha.